Beseni Lenye Ufa

Sajenti Edelmira Tarqui alishika komeo la geti saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Cheche ilimruka kidoleni kwa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Aliondoa mkono, akautazama, kisha akashika tena.

"Nyumba inakusalimia, mwanangu," sauti ilitoka ndani. "Agosti inamsalimia kila mtu. Sukuma tu, halijafungwa."

Aliyemngoja uani alikuwa mwanamke mfupi wa miaka themanini hivi, mwenye misuko miwili myeupe iliyounganishwa mgongoni. Katika malalamiko aliandikwa Saturnina Alanoca, bibi wa mlalamikaji. Mtaa mzima wa Río Seco ulimwita Bi Satuka.

Tarqui alikuwa na desturi ya kuhesabu vitu kabla ya kuuliza maswali. Bomba la maji la chuma lilikuwa limeviringishwa magunia mawili. Chungu cha maua kilivishwa sweta ya mtoto, mikono yake ikafungwa fundo kwa mbele. Banda la sungura lilifunikwa godoro kuukuu, na kikapu cha mikate kilikuwa na vitambaa vitatu. Bi Satuka alikuwa akivua kimoja baada ya kingine, maana jua lilikuwa limeshafika ukutani. Hapo na pale, katikati ya mawe ya ua, vilibaki vikaratasi vya mviringo vya rangi, vya sherehe ya kuilisha ardhi siku ya kwanza ya mwezi.

"Baridi ilikuwa kali?"

"Jana si sana. Juzi ndiyo baridi. Jumatano ndoo iliganda mpaka chini, nikaipindua ikatoka barafu kama keki." Bi Satuka alichomoa mfuko mdogo kutoka kwenye aproni yake, akaufungua. "Chukua majani, mwanangu. Kwa mlima huu, kichwa kitakaa sawa."

Mfuko ulikuwa wa plastiki yenye kung'aa kama fedha iliyochafuka, na pembeni ulikuwa na pembetatu ndogo ya njano yenye mchoro wa mkono uliopigwa mstari. Tarqui alichukua majani matatu ya koka, akashukuru, akaingia ndani.

Suala lenyewe lilikuwa dogo, na kapteni alikuwa amemcheka mbele ya watu. Sajenti mzima anapanda mlima kwa ajili ya laptopu! Lakini Limbert Chipana, mpenzi wa mlalamikaji, aliyetajwa katika malalamiko kuwa ndiye aliyeiharibu, alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu saa mbili. Karakana ya magari ya kamba, yale yanayopita angani juu ya mji, ilimtaka alete cheti cha tabia njema siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Dirisha la vyeti hufungwa saa kumi. Mwenye jalada lililo wazi hapewi cheti, na asiye na cheti nafasi yake humwendea anayemfuata kwenye orodha. Kijana alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka miwili. Tarqui alikuwa na saa sita na dakika arobaini.

Rosmery Poma, miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho, alisimama kando ya meza mikono ikiwa nyuma. Alivaa koti jeupe la pamba la wodini bila kitu kizito juu yake. Midomo ilikuwa ya zambarau.

Juu ya meza palikuwa na beseni la kijani lililopinduliwa, lenye ufa kutoka ukingoni hadi katikati. Kulizunguka, mstari wa chaki.

"Sijagusa kitu tangu jana asubuhi," Rosmery alisema. "Nililiinua beseni, nikajaribu kuiwasha kompyuta, ikakataa, nikalirudisha kama nilivyolikuta. Chaki ni yangu."

Katika miaka kumi na tisa ya kazi, huyu alikuwa mlalamikaji wa tatu kuchora chaki bila kuambiwa. Tarqui alitoa daftari.

"Eleza kwa mpangilio."

"Bawaba ya kushoto ilivunjika mwezi wa sita. Feni nayo ilianza kukoroma. Mafundi wa sokoni wanataka uwaachie wiki mbili, na mimi mwezi ujao natetea kazi yangu ya shahada. Imo humo. Nakala niliyonayo ni ya mwezi wa sita, haina hata jedwali moja la wagonjwa. Nikasema nitatengeneza mwenyewe."

"Na Limbert alisemaje?"

"Alisema nitaiua."

"Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo hayo. Jumapili, mbele ya bibi, supu iko mezani. Nikamwambia atoke."

"Akatoka?"

"Akatoka. Supu yake tukawapa sungura." Rosmery alitazama dirishani. "Ufunguo hakurudisha."

Tarqui aliomba aonyeshwe kazi jinsi ilivyofanyika. Rosmery aliinua beseni kwa mikono miwili na kuliweka sakafuni.

Kompyuta ililala kifudifudi, mgongo wake umeondolewa, matumbo yote nje. Kando yake kulikuwa na karatasi kubwa yenye mchoro wa mashine kwa kalamu ya wino, na kila skrubu imebandikwa kwa selotepu mahali pake kwenye mchoro, fupi na ndefu zikitofautishwa kwa rangi. Tarqui alihesabu kumi na moja kwenye karatasi na matundu kumi na moja kwenye mgongo.

"Kwanza nilizima na kuchomoa waya," Rosmery alisema. "Pili, betri. Kabla ya betri kuchomoka mtu hagusi kitu kingine chochote, hata kwa kucha. Ncha zake nikazifunika selotepu. Tatu, hii." Alionyesha kamba ya mkononi yenye waya mrefu wa shaba uliopita dirishani hadi kwenye bomba la uani. "Umeme wa mwilini unashuka ardhini badala ya kushukia kwenye bodi. Bodi naishika kwa kingo tu. Vumbi la feni nililitoa kwa brashi ya rangi, nywele halisi, huku nimeshikilia mapanga yasizunguke. Kisha gundi ya bawaba. Gundi inataka saa ishirini na nne bila kufungwa. Ndiyo maana nikanunua beseni Jumatatu, vumbi lisiingie. Jumatano saa kumi na mbili jioni nikalipindua juu yake, nikaenda zamu ya usiku hospitalini. Nilirudi saa moja asubuhi."

"Mbona unatetemeka? Sweta huna?"

"Ninazo nne. Nikigusa kompyuta navaa pamba tu."

Tarqui aliandika. "Ulijuaje kwamba beseni limeguswa?"

"Ufa. Niliuelekeza ukutani, hewa ya mlangoni isipite. Nilipolikuta, ufa ulitazama mlango."

"Na ulipowasha?"

"Taa iliwaka nyekundu mara tatu, nyeupe mara mbili. Kioo cheusi. Nikajua diski kuu imekwenda na kazi yangu yote." Sauti yake haikubadilika, lakini alianza kunyoosha karatasi ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Nani mwingine, sajenti? Ufunguo anao yeye. Na alishatabiri."

Tarqui alivaa glavu, akawasha tochi, akainama. Chini ya feni aliona kikaratasi cha mviringo cha njano, kidogo kuliko punje ya dengu. Alikitoa kwa kibano.

"Uani kwenu viko vingi."

"Bibi aliilisha ardhi tarehe moja. Vinaingia hata kwenye wali." Rosmery alikunja uso. "Lakini sherehe ina pombe. Kama mtu alimwaga kitu ndani..."

Tarqui alikuwa ameshaomba glasi ya maji. Kikaratasi kingine alichokiokota uani alikitumbukiza. Katika sekunde kumi na tano maji yalianza kuwa ya njano. Kile cha chini ya feni kilikuwa na rangi kamili hadi ukingoni, na bodi chini yake haikuwa na doa.

"Hakuna kilichomwagwa. Kingeacha rangi."

Kitu cha pili hakikuwa rahisi hivyo. Vipande viwili vyembamba vya memori, kila kimoja kirefu kama kidole, vilikaa kwenye vitako vyake, nafasi za kuvichomekea. Katika kibanio cha kitako cha kushoto ulinasa unyuzi mmoja, mrefu, laini, wa rangi ya kahawia hafifu. Haukuwa unywele wa mtu wala wa brashi. Tarqui aliuweka kwenye bahasha na kuandika saa.

Mlangoni, Bi Satuka alikuwa amesimama na vikombe viwili vya api, kinywaji cha moto cha mahindi.

"Bi Satuka, usiku wa Jumatano nani aliingia chumba hiki?"

"Hakuna mtu."

"Una hakika?"

"Mimi nalala kama sungura, mwanangu, jicho moja. Saa mbili geti lililia mara moja, nikasema upepo. Lakini ndani humu hakuingia mtu." Akampa Rosmery kikombe. "Kunywa wewe. Umekuwa rangi ya viazi."

*

Limbert Chipana aliinuka Tarqui alipoingia kituoni, akakaa alipoambiwa. Kofia yake ya sufu yenye masikio, nyekundu na kijani, ilikuwa magotini. Bahasha ya vyeti vyake aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kuichafua.

"Jumatano saa mbili usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Peke yako?"

"Na televisheni."

"Televisheni ilikuwa inasema nini?"

"Mambo yake."

Tarqui aliweka daftari mezani. "Ulimwambia Rosmery kwamba ataiua mashine."

"Nilisema." Kijana alisugua paji la uso. "Nilikosea. Anafanya kazi safi kuliko mimi. Nilikuwa nataka aniombe nimsaidie, basi. Ujinga."

"Unadhani nani aliigusa?"

"Sijui, afande. Labda hakuna aliyeigusa. Vitu hufa vyenyewe. Beseni lenyewe lina ufa, hewa inapita, vumbi..."

Tarqui alirudi nyuma kurasa mbili katika daftari.

"Beseni lilinunuliwa Jumatatu," alisema. "Wewe ulifukuzwa Jumapili."

Limbert alitazama kofia yake.

"Ulifika, Limbert."

"Nilifika."

"Uliingia?"

"Geti nilifungua. Mlango sikufungua. Nilisimama uani."

"Kwa nini?"

"Nilileta kitu. Nikakiacha mlangoni. Hakina maana sasa."

"Kitu gani?"

"Afande, nimesema hakina maana."

"Kutoka uani dirisha linaonyesha meza. Uliona nini?"

"Sikuona mtu."

"Saa ya ukutani ile inasema saa sita na nusu. Saa kumi dirisha la vyeti linafungwa. Umeniambia uongo mara moja, na sasa umekubali kwamba ulikuwepo. Nikiandika hivi hivi, jalada linabaki wazi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Uliona nini?"

"Andika nilikuja," Limbert alisema polepole. "Andika sikuingia. Mengine andika unavyoona. Nafasi zipo nyingine."

"Hazipo. Umeisubiri hii miaka miwili."

"Basi nitasubiri miwili tena."

Tarqui aliomba kofia. Chini ya taa ya meza alilinganisha sufu yake na unyuzi wa kwenye bahasha. Ya kofia ilitiwa rangi, ilikuwa nene na yenye mikunjo ya kiwandani. Unyuzi ulikuwa na rangi yake ya kuzaliwa, rangi ya mnyama mwenyewe: sufu ya alpaka mchanga, mnyama wa milimani, iliyosokotwa kwa mkono. Alirudisha kofia.

Mtu aliyekwenda kuharibu asingebeba zawadi. Na mtu asiyeona kitu angesema kwa furaha kwamba hakuona kitu. Huyu alikuwa akitoa kazi yake ili asijibu swali moja. Orodha ya watu ambao kijana angewalipia bei hiyo haikuwa ndefu. Wa kwanza alikuwa mlalamikaji, aliyekuwa hospitalini.

Tarqui aliinuka.

"Usiondoke benchini."

"Naenda wapi, afande?"

*

Saa saba na dakika arobaini aliligusa geti kwa ufunguo wake kwanza. Cheche iliishia kwenye ufunguo.

"Bi Satuka, naomba kuona mfuko wako wa koka."

Bibi aliutoa bila kusita. "Umekwisha utamu wa asubuhi, ee? Chukua."

"Mfuko huu umeupata wapi?"

"Mlangoni. Alhamisi alfajiri ulikuwa unaning'inia kwenye kitasa. Mtupu. Nikasema nani kanitupia kitu kizuri hivi? Unyevu hauingii, na unang'aa. Majani yanakaa laini."

Rosmery alikuwa ametoka chumbani. Alipouona mfuko karibu, na ile pembetatu ya njano, alisimama.

"Hiyo si ya koka, bibi."

"Sasa ni ya koka."

"Ni mfuko wa kuhifadhia vipande vya kompyuta," Rosmery alimwambia Tarqui, ingawa Tarqui alijua. "Ukiondoa kipande unakiweka humo, cheche haikipati. Sokoni haupatikani mmoja mmoja. Nilimwambia Limbert mwezi uliopita kwamba natamani..." Hakumaliza.

"Ndicho alichokileta Jumatano," Tarqui alisema. "Aliutundika kitasani akaondoka. Sasa tuiwashe mashine yako."

"Imekufa."

"Hiyo ni dhana. Tunajua kwamba taa inawaka mara tatu na mara mbili. Mtengenezaji anasema maana yake nini?"

Rosmery alifungua simu, akatafuta ukurasa ambao siku mbili hakuutafuta kwa kuwa hakutaka kusoma jibu. Alisoma mara mbili.

"Memori," alisema. "Si diski ile inayotunza kazi yangu. Memori tu."

Alivaa kamba ya mkononi, akaangalia kwamba waya umekaa barabara kwenye chuma cha bomba, akachomoa betri aliyokuwa ameirudisha kwa jaribio la jana, akangoja. Kwa vidole viwili alisukuma vibanio vya kitako cha kushoto. Kipande kikainuka kwa mshazari. Alikitoa kwa kingo zake, akakilaza juu ya bahasha ya karatasi. Akarudisha betri, akabonyeza.

Nyekundu haikuwaka. Feni ilizunguka, kimya kabisa. Kioo kikapata rangi, na katikati yake likatokea jina la Rosmery na kisanduku cha neno la siri.

Bi Satuka alipiga makofi. Rosmery hakupiga kelele. Alifungua faili, akashuka hadi jedwali la mwisho, akaenda ukurasa wa shukrani, akarudi kwenye jedwali, kisha akafuta macho kwa mkono ambao haukuwa na kamba.

"Hatujamaliza," Tarqui alisema. "Kizima kihamishie kushoto."

Kizima kiliwaka pia kushoto. Kile kilichotolewa, hata baada ya meno yake ya shaba kusuguliwa kwa ufutio, kilileta taa nyekundu katika vitako vyote viwili. Vitako vilikuwa na afya. Kipande kimoja tu kilikuwa kimekufa, kilikufa kati ya Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi, betri ikiwa nje, bila tone la maji na bila mkwaruzo. Tarqui aliandika kila jaribio na saa yake, kisha akageukia mlango.

"Bi Satuka, asubuhi niliuliza vibaya. Niliuliza nani aliingia. Sasa nauliza hivi: Jumatano, usiku wa baridi ile, ulifunika nini na nini kabla ya kulala?"

Bibi alihesabu kwa vidole, akifurahi kwamba hatimaye polisi anauliza jambo la maana.

"Bomba. Sungura. Maua, yale yana mapafu mabovu. Mikate. Viazi. Na mtoto wa Rosmery huyo mezani."

Rosmery aligeuka taratibu.

"Bibi?"

"Alikuwa tumbo wazi! Maji yanaganda ndani ya ndoo, wewe unamwachia beseni la plastiki lenye ufa! Beseni ni nguo? Nikaliinua, nikamfunika vizuri. Alfajiri nikamfunua kama ninavyowafunua wote, nikamrudishia beseni lako usije ukasema nimepanga vitu vyako."

"Ulimfunika na nini?" Tarqui aliuliza.

Bi Satuka aliingia chumbani kwake. Walisikia kifuniko cha kasha. Alirudi na shali iliyokunjwa mara nne, kahawia hafifu, imechakaa kingoni.

"Si kitambaa cha kila siku, mwanangu. Hii mama yangu aliisokota. Nimewafungia humu watoto sita, na huyu, mama yake alipokwenda Ajentina, alilala humu miaka miwili." Aliikunjua kwa mkupuo mmoja. Ndani ya chumba kile kikavu, hata mchana, walisikia sufu ikitatarika. "Hakuna aliyelala humu akashikwa na kikohozi."

Tarqui alilinganisha unyuzi. Rangi moja, unene mmoja, msokoto mmoja.

"Ulipomfunika, uligusa ndani?"

"Nilimchomekea pembeni, baridi isipite. Hapa na hapa." Kidole chake kilielekea moja kwa moja kwenye kitako cha kushoto. "Akaning'ata. Kidogo, cha! Nikasema, aa, mzima huyu, bado ana nguvu. Nikaenda kulala nimeridhika."

Kwenye banda, sungura mmoja alipiga mguu chini.

Bi Satuka alitazama uso wa mjukuu wake, kisha wa sajenti, kisha kile kipande juu ya bahasha. Shali ilianza kushuka mikononi mwake.

"Ni mimi?"

Tarqui alifungua mdomo aseme kweli, lakini Rosmery alimtangulia. Alivua kamba mkononi, akaenda akaichukua shali na kumzungushia bibi yake mabegani.

"Alikuwa na meno mawili, bibi. Umemng'oa moja."

"Moja tu?"

"Moja tu. Anakula polepole, lakini anakula."

Bi Satuka alifikiri. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiwa na manne.

"Anaweza kuishi hivyo," alisema. "Mbona mimi naishi." Kisha akashika kichwa. "Na yule kijana? Yuko polisi kwa sababu ya shali yangu?"

"Alikuona," Tarqui alisema. "Kutoka dirishani. Anajua sufu inavyorusha cheche mwezi huu mkavu, kwa hiyo mashine ilipokufa alijua sababu. Ameulizwa mara tatu na hakusema. Ameniambia atasubiri kazi miaka miwili mingine."

Rosmery alikaa kwenye kigoda.

"Nilisema kwa maandishi kwamba ni yeye," alisema.

"Ulisema alikuwa na ufunguo na alitabiri. Yote mawili ni kweli. Hitimisho ndilo halikuwa." Tarqui aliweka fomu mezani na kutazama saa: nane na dakika ishirini na tano. "Unatia saini hapa, kwamba unaondoa malalamiko."

Rosmery alitia saini. Iliyobaki ilikuwa sehemu ya ofisa. Chanzo cha uharibifu: umeme wa sufu, hewa kavu. Kosa la jinai: hakuna. Mstari uliofuata uliuliza jina la aliyesababisha. Tarqui alipindua fomu, akasoma maelezo ya nyuma yaliyochapwa kwa herufi ndogo. Mstari ule hujazwa pale tu penye kosa. Alichora kistari, kwa rula.

"Mwanangu," Bi Satuka alisema alipomsindikiza, "sasa nimfunike na nini? Baridi bado ipo mpaka mwezi wa tisa."

"Pamba, Bi Satuka. Magunia ya unga ya pamba. Na mtu asimguse kabla ya kushika bomba."

"Pamba," bibi alirudia, kwa sauti ya mtu anayeandika. Kisha akamvuta mkono na kumnong'oneza jambo, kwa muda mrefu.

*

Limbert alikuwa bado benchini. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika thelathini na nane.

"Jalada limefungwa," Tarqui alisema. "Dirisha la tatu, ngazi ya kushoto. Kimbia."

Alikimbia. Aliporudi, cheti kikiwa kimegongwa muhuri ambao wino wake bado ulikuwa mbichi, alisimama mbele ya meza.

"Afande, uliandika nani?"

"Niliandika kilichotokea. Fomu haikutaka jina."

Kijana alivuta pumzi, akaitoa. "Naye? Bibi?"

"Amehuzunika dakika moja. Sasa ana hasira na wewe."

"Na mimi?"

"Anasema mtu anayesimama uani usiku wa baridi ile, akamwona mwanamke mzee anakosea, akanyamaza, huyo amelelewa vibaya. Ulipaswa kugonga dirisha, umwambie, uingie unywe kitu cha moto." Tarqui alifungua daftari kwenye ukurasa aliokuwa ameuandika getini, kwa sababu alipenda kunukuu kwa usahihi. "Jumapili, saa sita, supu. Ulete magunia manne ya unga ya pamba, yaliyofuliwa. Na mfuko mwingine ule wa kung'aa."

"Mfuko mwingine? Kwani ule..."

"Ule una koka. Bibi haurudishi."

Limbert alivaa kofia yake, akaivua tena, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Na Rosmery? Amesema nini?"

Tarqui alitazama chini ya ukurasa. Pale palikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko ambao haukuwa wake.

"Ameandika: 'Safari hii sungura hawapati.'"